Ndugu Wakigombana: Nyumba ya Machui, 1859

Wahenga wetu walituachia methali isemayo: Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Kwa miaka mingi niliifundisha darasani kama walimu wengine wanavyoifundisha, yaani kwamba ugomvi wa ndugu hauingiliwi na mtu baki, kwa kuwa kesho watapatana na wewe utabaki na aibu yako. Maelezo hayo ni sahihi. Lakini kadiri nilivyozidi kusoma historia ya nchi yetu, ndivyo nilivyoona kwamba methali hii ina upande wa pili ambao hausemwi. Wapo watu ambao ndugu wakigombana wao huchukua kapu siku ile ile. Hawangoji wapatane, kwa sababu mavuno yao yamo ndani ya ugomvi wenyewe.

Katika insha hii nataka kueleza habari za nyumba moja katika kisiwa cha Unguja ambayo mwezi Oktoba mwaka 1859 iligeuzwa kuwa ngome, ikazingirwa na jeshi, na siku chache baadaye mwenyewe akajisalimisha. Vita vile vilikuwa vya ndugu wa baba mmoja. Havikudumu hata mwezi, na ndiyo maana vitabu vingi vya shule huvipitia kwa sentensi moja au haviviitaji kabisa. Najua msomaji wa kwetu Kahama atauliza: ya Unguja yatuhusu nini sisi wa Buzwagi, ambao bahari wengi wetu tumeiona tukiwa watu wazima? Namwomba avumilie. Yatuhusu, nami nitaonyesha jinsi yanavyotuhusu.

Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala Omani na Zanzibar kwa pamoja, alifariki tarehe 19 Oktoba 1856 akiwa baharini karibu na visiwa vya Shelisheli, akirejea Unguja kutoka Maskati. Aliacha watoto wengi wa mama mbalimbali, akaacha milki kubwa yenye ncha mbili zilizotenganishwa na safari ya majuma kadhaa ya jahazi. Hakuacha utaratibu uliokubaliwa na wote wa nani amrithi. Thuweni, mwanawe mkubwa aliyekuwa akimwakilisha Maskati, alishika Omani. Majid, kijana wa miaka ishirini na ushei, alishika Zanzibar. Mdogo wao Barghash, aliyekuwa ndani ya jahazi pamoja na baba yake alipokata roho, hakupata kitu. Alirudi na maiti ya mzee, na kutoka siku hiyo hakuficha kwamba alijiona anafaa kuliko Majid.

Msomaji akumbuke hali ya watu hawa. Majid alikuwa mpole, mkarimu, na mwenye ugonjwa wa kifafa. Barghash alikuwa hodari, mkali, mwenye kiburi cha ujana. Wazazi wenye watoto wengi wanawajua vijana wa aina hizi mbili, na wanajua kwamba tofauti ya tabia peke yake haileti vita. Vita huletwa na watu wanaosimama nyuma ya kila mmoja wao. Nyuma ya Barghash walikuwako Waarabu wa kabila la Harthi, waliokaa pwani hii kabla ya enzi ya Seyyid Said na ambao hawakupenda sana kutawaliwa na ukoo wa Busaidi. Alikuwako pia Thuweni kule Maskati, ambaye Majid alikubali kumlipa riale 40,000 kwa mwaka kisha akaacha kulipa. Mwaka 1859 Thuweni alipakia askari majahazini aje kuichukua Zanzibar kwa nguvu, Waingereza wakamzuia njiani. Na nyuma ya Majid alisimama konseli wa Uingereza, Christopher Rigby, ofisa wa jeshi la India, mtu asiyekuwa na mashaka hata kidogo juu ya jambo alilolitaka.

Habari za mambo yaliyofuata tunazipata kwa sehemu kubwa kutoka kwa mwanamke aliyekuwamo ndani yake. Huyu ni Salme binti Said, dada yao wa baba mmoja, aliyezaliwa mwaka 1844. Baadaye alihamia Ujerumani, akaitwa Emily Ruete, na mwaka 1886 akachapisha kwa Kijerumani kumbukumbu za maisha yake. Wakati wa fitina ile alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano. Alikuwa amejifunza kuandika kwa siri, jambo ambalo mabinti wa nyumba ya kifalme hawakufundishwa, na ujuzi huo ndio uliomtia matatani. Njama za Barghash zilihitaji mtu wa kuandika barua kwa wakuu wa makabila, na mtu wa kuaminiwa asiyedhaniwa. Salme akawa katibu.

Jambo linalomgusa msomaji ni kwamba Salme hakuwa na kinyongo chochote na Majid. Alipokuwa mdogo, yeye na mama yake waliwahi kukaa nyumbani kwa Majid, na Majid alimpenda. Mama yake alifariki kwa kipindupindu mwaka huo huo wa 1859. Katika upweke ule alivutwa na dada yake Khole, ambaye alimpenda mno, na Khole alikuwa upande wa Barghash. Basi binti huyu akaingia vitani dhidi ya kaka aliyemtendea wema, kwa kumfuata dada aliyempenda, kwa ajili ya kaka wa tatu. Nimesoma vitabu vingi vinavyoeleza sababu za vita vya wenyewe kwa wenyewe: uchumi, matabaka, dini, mipaka. Zote ni sababu za kweli. Lakini naona kila mara iko na hii, kwamba mtu hujikuta upande mmoja kwa kuwa ampendaye yuko huko.

Siri haikudumu. Majid alipoona mambo yamekomaa, aliwaweka askari kuizingira nyumba ya Barghash mjini. Ndani mlikuwamo Barghash, dada yake Meje, na mdogo wao Abdul Aziz aliyekuwa bado mtoto. Chakula na maji ya kunywa vikawa vya taabu. Nyumba za Khole na Salme zilikuwa jirani kabisa, hata waliweza kusemezana kutoka dirisha hadi dirisha, na dada hao wakaona kwa macho yao jinsi ndugu zao walivyobanwa.

Hapo ndipo wanawake walipofanya jambo ambalo wanaume wa Harthi hawakuthubutu. Usiku, Khole na Salme walitoka na msafara wa wanawake, wakaenda moja kwa moja mpaka kwa askari waliokuwa mlangoni, wakataka waruhusiwe kuwaona ndugu zao. Askari walishtuka kusemeshwa na mabinti wa Seyyid Said uso kwa uso, wakawaruhusu kuingia kwa muda mfupi. Ndani, Barghash alikataa kwanza kuvaa nguo za kike, akiona ni fedheha. Mwisho alikubali. Wakamfunga ushungi ukabaki mwanya wa macho tu, wakamweka katikati ya wanawake warefu kuliko wengine ili kimo chake kisimfichue, na Abdul Aziz vivyo hivyo. Wakatoka polepole kama watu wasio na haraka, askari wakawapisha kwa heshima. Walipofika nje ya mji, Barghash alikutana na watu wake, akatokomea shambani.

Alikokwenda ni Machui, katikati ya kisiwa, kwenye shamba la karafuu lililoitwa Marseilles. Jina hilo la mji wa Ufaransa lilitolewa na ndugu yao marehemu Khalid, aliyependa mambo ya Kifaransa. Nyumba ile ilikuwa imara, yenye kuta nene za mawe na uwanja mpana. Wafuasi wa Barghash walizidi kuiimarisha, wakatoboa matundu ya bunduki, wakaziba njia, wakajaza vyakula na baruti. Mjini, Salme na wenzake walioka mikate na kupeleka kwa siri. Wakuu wa Harthi wakaja na watu wao. Miongoni mwa waliopewa silaha walikuwamo watumwa, ambao hawakuulizwa ni Seyyid yupi wanamtaka. Hilo nalitaja makusudi. Utajiri wa karafuu uliokuwa ukigombewa ulitokana na jasho la watu hao, na wengi wao asili yao ilikuwa bara. Mwana wa Seyyid angeshindwa angepelekwa uhamishoni. Mtumwa angeshindwa au angeshinda, kesho yake angerudi kuchuma karafuu.

Majid alitoka na jeshi la watu wapatao elfu tano, pamoja na mizinga. Lakini mizinga yake haikuzitikisa kuta zile, na mashambulizi yakarudishwa kwa hasara. Wengi walikufa pande zote mbili. Salme anazungumzia mamia. Rigby alikuwa ametoa msaada wa mabaharia na maofisa wa Kiingereza kutoka manowari zilizokuwa bandarini, wakiwa na mzinga wao. Mzinga huo ndio uliofanya kazi. Usiku ulipoingia mapigano yalisimama, na asubuhi jeshi liliporudi kumalizia shughuli, nyumba ilikuwa tupu. Watetezi walikuwa wametoweka gizani. Ngome ile ikabomolewa.

Na Barghash? Hakukimbilia msituni wala ng'ambo. Alirudi nyumbani kwake mjini, katika nyumba ile ile aliyotoroshwa, akajifungia. Naona hapa ndipo ujana wake unapojitokeza wazi kuliko mahali pengine. Mtu aliyeshindwa vitani mara nyingi hurudi kwenye mlango anaoujua.

Majid alisita. Kwa maelezo ya Salme, hakutaka kumwaga tena damu ya ndugu yake, na angependa mambo yamalizwe kwa maneno. Aliyekuwa hana subira ni Rigby. Alishusha askari wake wa majini, wakaizunguka nyumba, risasi zikaanza kupiga kuta na madirisha. Ndani walikuwamo wanawake na watoto. Dada yao Khole alikwenda kwenye ubalozi kuomba risasi zisimamishwe. Kutoka ndani ya nyumba zikasikika sauti zikipaza neno moja: Amani! Amani! Neno hilo katika desturi ya Kiarabu ni ombi la usalama wa roho, na anayelitamka amekubali kuwa mkononi mwa mwenziwe. Barghash akajisalimisha. Msomaji aone kwamba hakujisalimisha kwa kaka yake aliyepigana naye. Alijisalimisha kwa askari wa konseli.

Alipakiwa melini akapelekwa Bombay, akakaa huko takriban miaka miwili. Mdogo wake Abdul Aziz, mtoto yule, aliomba mwenyewe afuatane naye, akafuatana naye. Majid hakuwaadhibu dada zake. Alishauriwa awaadhibu, akakataa. Vita vikaisha.

Sasa tuhesabu mavuno. Majid alibaki katika kiti, lakini tangu siku ile kila mtu mjini alijua kiti kile kinasimama kwa miguu ya nani. Barghash alipoteza nyumba, wafuasi na nchi. Harthi walipoteza wakuu wao, wengine wakafia kifungoni. Salme alipoteza ndugu wa pande zote mbili, kwa kuwa alipofanya suluhu na Majid, wale wa upande wa Barghash walimwona msaliti. Aliyevuna ni mmoja tu. Hakuwa na shamba hata moja la karafuu Machui, lakini kapu lake lilijaa.

Tarehe 2 Aprili 1861, Lord Canning, mtawala wa Kiingereza nchini India, alitoa hukumu iliyogawa milki ya Seyyid Said: Omani peke yake, Zanzibar peke yake, na Zanzibar iilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka. Hukumu ile ilisifiwa kuwa ya haki, na labda ilikuwa ya haki kwa namna fulani. Lakini urithi wa wana wa Seyyid Said uligawanywa na mtu wa tatu aliyekaa India, na aliyeweza kuugawa angeweza pia kuuchukua. Mwaka 1873 Barghash, wakati huo yeye ndiye Seyyid, alilazimishwa kutia saini kufungwa kwa soko la watumwa chini ya tishio la manowari. Soko lile lilistahili kufungwa, wala simlilii. Nasema tu kwamba aliyeshika kalamu hakuwa na hiari. Mwaka 1890 Zanzibar ikawa chini ya himaya ya Uingereza. Na tarehe 27 Agosti 1896, mwana wa Barghash aliyeitwa Khalid alipojitangaza Seyyid bila idhini yao, manowari ziliipiga kasri kwa muda usiozidi dakika arobaini hivi, ikawa kifusi. Mizinga ilikuwa imezoea njia ya kuingia katika mirathi ya nyumba ile tangu Machui.

Ipo sadfa moja ya tarehe ambayo nilipenda sana kuwaeleza wanafunzi. Siku kumi tu baada ya hukumu ya Canning, yaani tarehe 12 Aprili 1861, ng'ambo ya bahari mbili, mizinga ya majimbo ya Kusini ya Marekani ilianza kuipiga ngome ya Sumter katika bandari ya Charleston. Meja Robert Anderson na kikosi chake kidogo walivumilia kwa saa thelathini na nne, kisha tarehe 13 wakakubali kujisalimisha. Katika mapigano yale hakuuawa askari hata mmoja wa upande wowote. Ajabu ni kwamba kuzingirwa huko kusiko na maiti kulifungua vita vya miaka minne vilivyoua watu zaidi ya laki sita, na Machui iliyojaa maiti ilimaliza vita katika majuma machache. Wanafunzi wangu waliuliza kwa nini. Jibu nililowapa ni kwamba Marekani hakuwako konseli wa kuwaamulia. Walipigana mpaka mmoja akashindwa kabisa, suala la utumwa likaamuliwa, nao wakabaki na nchi yao. Unguja waliamuliwa mapema, damu ikaokolewa, na nchi ikaondoka polepole mikononi mwao. Sijui kama kuna mzani unaoweza kupima hasara hizi mbili. Mwanafunzi mmoja alisema bora ya Unguja, mwingine akasema bora ya Marekani, wakabishana mpaka kengele ikalia. Niliona somo limeeleweka.

Vita vile vya Marekani vilifika hata huku bara. Nguo iliyokuwa fedha ya misafara, nguo ya pamba nyeupe isiyopaushwa, iliitwa merikani kwa sababu ililetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem tangu miaka ya 1830. Mpagazi wa Kinyamwezi alilipwa kwa pande za merikani, mtemi alitozwa na kutoza kwa merikani. Pamba ya majimbo ya Kusini ilipozuiwa, merikani ikaadimika, bei ikapanda, na nguo za Kiingereza na za Bombay zikachukua nafasi yake. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akibeba pembe kutoka nchi hizi zetu kwenda pwani alivuliwa nguo na vita ambavyo hakupata kusikia jina lake.

Hapa sasa tumefika kwetu. Miaka ile ile, Unyanyembe, pale Tabora, ilikuwa ikipita katika njia hiyo hiyo. Mtemi Fundikira alipofariki, urithi wake uligombewa na Mnywa Sele na Mkasiwa, wa ukoo mmoja. Mnywa Sele alishika utemi, kisha akataka wafanyabiashara Waarabu wa Kaze walipe ushuru wa bidhaa zao. Wao wakaona ni afadhali mtemi mwingine. Karibu na mwaka 1860 wakamwondoa kwa bunduki, wakamweka Mkasiwa. Mzungu Speke alipopita tena Kaze mwaka 1861 aliikuta nchi imo vitani, akajaribu kusuluhisha bila mafanikio. Mnywa Sele alipigana vita vya kuviziana mpaka alipouawa mwaka 1865. Mmoja wa wakubwa wa Kaze, Snay bin Amir, aliyewapokea Burton na Speke kwa ukarimu mwaka 1857, aliuawa katika vita hivyo. Alikuwa wa kabila la Harthi. Ndugu zake wa kabila, walioonja huko Unguja uchungu wa mtu baki kuingilia ugomvi wa urithi, huku Unyanyembe wao ndio waliokuwa watu baki.

Matokeo yalikawia lakini hayakukosa kuja. Isike, aliyerithi utemi baada ya Mkasiwa, alijaribu kurudisha nguvu za kiti chake. Wajerumani walipofika Tabora mwaka 1890, aliwapinga, akawashinda zaidi ya mara moja. Walikuta tayari mpasuko ndani ya ukoo wa kitemi, wakautumia, na upande wao akawa Nyaso, mwanamke wa ukoo huo huo. Januari 1893 Luteni Tom von Prince aliivamia ngome ya Isike. Isike hakupaza neno amani. Aliingia ghala la baruti akalilipua akiwa ndani. Nyaso akawekwa kuwa mtawala.

Vijana huniuliza ni nani aliyefanya vyema, Barghash aliyejisalimisha au Isike aliyejilipua. Kwetu jina la Isike huimbwa, na ni haki yake. Lakini sipendi kijana ajifunze kwamba kujisalimisha ni aibu siku zote. Barghash alisema amani akiwa na miaka ishirini na mbili hivi, na ndani ya nyumba mlikuwa na wanawake na watoto. Aliishi. Huko Bombay aliuona mji mkubwa unavyoendeshwa. Alirithi kiti mwaka 1870 baada ya Majid kufariki, akatawala miaka kumi na minane. Alijenga Beit el-Ajaib, iliyokamilika mwaka 1883 na ambayo sehemu yake ilianguka Desemba 2020. Na aliwavutia watu wa mji maji safi ya bomba kutoka chemchemi iliyo nje ya mji. Sidhani kama ni bure kwamba mtu aliyewahi kufungiwa nyumbani akikosa maji ndiye aliyewaletea wenzake maji mlangoni.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo hakulimaliza. Mwaka 1885 Salme, mjane mwenye watoto, alirudi Unguja katika meli za Wajerumani kudai urithi wake. Yule dada aliyemwandikia barua, aliyemvika ushungi akamwongoza katikati ya askari, Barghash alikataa hata kumwona. Alikuwa na sababu zake: Salme alikuwa amebadili dini, na alikuja chini ya bendera ya watu waliokuwa wakimnyang'anya nchi za bara. Salme alifariki Ujerumani mwaka 1924. Hivyo basi waliopigana upande mmoja nao waliishia kutengana, na safari hii pia kati yao alisimama mtu baki mwenye manowari.

Nayaandika haya nikiwa Buzwagi, mahali ambapo katika maisha yangu nimeona mashamba ya mihogo na mtama yakigeuka kuwa mgodi mkubwa wa dhahabu uliofunguliwa mwaka 2009, na mgodi huo nao ukafungwa mwaka 2021. Dhahabu hailaumiwi. Lakini katika ukanda huu wote, kutoka kwetu hadi Geita, kila ardhi ilipopata bei, watoto wa baba mmoja walianza kuulizana maswali ambayo baba zao hawakuulizana. Mwembe ule ni wa nani? Mpaka ulikuwa kwenye mkonge au kwenye kisiki? Mke wa pili wa marehemu ana sehemu? Niliwahi kuitwa na ndugu wawili, wa kijiji nisichokitaja, waliogombana juu ya shamba la urithi lililokuwa linatakiwa. Kila mmoja alikuwa amekwisha kumpata mtu wa mjini wa kumsemea, mtu mwenye karatasi na ahadi nyingi. Niliwaomba wakae kwanza wao wawili, na dada zao, na wazee wa ukoo. Hawakutaka, kwa kuwa kila mmoja aliamini mtu wake ana nguvu kuliko wa mwenzake. Kesi ilipokwisha shamba lilikuwa limeliwa na gharama. Wale wasemaji wawili nilikuja kuwaona baadaye wakinywa soda kwenye meza moja.

Tangu hapo nikiitwa kusuluhisha huwa na maswali yangu matatu. La kwanza: nani asiyekuwa wa nyumba hii anayejua habari za ugomvi huu, na amejuaje? La pili: mkipatana leo jioni, nani atasikitika? La tatu: ni nani kati yenu aliyekuwa tayari kumaliza kwa maneno akazuiwa? Majid angeulizwa swali hilo la tatu angekuwa na jibu. Khole angekuwa nalo. Nadhani hata Barghash, kabla ya Machui, angekuwa nalo.

Mwalimu mwenzangu anayefundisha historia katika shule za kwetu, namwomba asiruke ile sentensi moja ya kitabu. Aifungue. Awaambie watoto kwamba ndani ya nyumba ile mlikuwa na kaka, dada na mtoto mdogo, na nje alikuwako kaka mwingine asiyetaka kuwapiga. Kisha awaulize wanafunzi: risasi zilitoka kwa nani? Awaache wajibu wenyewe.